DAFTARI LA FIZIKIA LA MTOTO LINA SOMO KWA ASKARI

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakutufundisha la kufanya pale ambapo mwenye kuuliza ni mtoto wa miaka kumi na minne, na mwenye kuulizwa ni baba yake, mvaa sare, mwenye nyota begani, na asiye na jibu.

Jioni moja hapa Kigali tulikuwa tumeketi uani. Maharage yalikuwa jikoni tangu saa tisa alasiri, na sasa jua lilikuwa linatua. Shangazi ya watoto, aliyekuja kututembelea baada ya kuishi miaka mingi Dar es Salaam, alilalamika kwamba maharage ya huku ni magumu kama kokoto. Kule pwani angekuwa ameyaipua zamani. Mtoto wetu wa kidato cha pili akainua kichwa kutoka katika daftari lake, akasema: "Shangazi, si maharage. Ni hewa." Kisha akatugeukia sisi: "Baba, si kweli kwamba maji ya Kigali huchemka kabla ya kufika nyuzi mia?"

Tulimjibu kwamba maji ni maji, na kwamba afadhali amalize kazi aliyopewa na mwalimu wake. Mtoto akainamisha kichwa, akanyamaza. Jibu letu lilikuwa kosa. Kumnyamazisha kulikuwa kosa kubwa zaidi, maana yeye alikuwa anasema kweli na sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya cheo.

Tangu siku hiyo tumelisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, tena kwa ruhusa ya mwenyewe. Tuliyoyakuta humo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Tumegundua kwamba fizikia na kemia wanazofundishwa vijana wa sekondari ya chini ni mambo ambayo askari na polisi huyafanyia kazi kila siku, mara nyingi bila ya kuyajua kwa majina yake. Na pale wasipoyajua, gharama yake huwa ni maisha ya watu.

MIAKA MITATU YA MSINGI

Katika Rwanda mtoto husoma miaka sita ya shule ya msingi, kisha miaka mitatu ya sekondari ya chini, na mwisho wa miaka hiyo hufanya mtihani wa taifa. Mwaka 2009 nchi ilianza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na kuanzia mwaka 2012 ukapanuliwa kuwa wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo masomo ambayo hapo kale yalikuwa ya wachache waliobahatika sasa humfikia mtoto wa mkulima, wa dereva na wa askari wa cheo cha chini kabisa.

Mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2016, umetaka mwanafunzi apimwe kwa yale anayoweza kuyatenda, wala si kwa yale aliyoyakariri tu. Katika fizikia, vijana huanza na vipimo: urefu, uzito, muda na halijoto. Kisha huingia katika mwendo na kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, katika msuguano, katika mashine sahili kama vile wenzo na kapi, katika kanieneo, yaani nguvu inavyogawanyika juu ya eneo, katika joto, mwanga, sumaku na umeme. Katika kemia husoma hali za maada, chembe zake, michanganyiko, asidi na besi, na jinsi vitu vinavyoungua.

Askari aliyewahi kulitoa lori katika matope kwa gogo na jiwe ameutumia wenzo. Aliyefyatua bunduki ameionja kanuni ya tatu ya Newton begani mwake. Risasi yenye uzito wa gramu 8 ikitoka katika mtutu kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, bunduki yenye uzito wa kilo 4 hurudi nyuma kwa mwendo wa mita 1.4 kwa sekunde, hata kama hatukuihesabu gesi ya baruti. Ndiyo maana mwalimu wa shabaha hukazania kitako kishikamane na bega. Kitako kikiachwa mbali na bega, hupata nafasi ya kupiga; kikishikamana nalo, bunduki na mwili wa mpigaji hurudi nyuma pamoja kama kitu kimoja kizito, na mshindo hupungua. Mwanafunzi wa kidato huliandika jambo hilo kwa kalamu. Kuruta hulijua kwa alama ya bluu begani.

SUFURIA YA MAHARAGE

Sasa turudi jikoni. Hewa ina uzito. Kila mmoja wetu amebeba kichwani mnara wa hewa unaokwenda juu kilometa nyingi. Mtu aliye pwani yuko chini kabisa ya mnara huo, na kanieneo ya hewa inayombana ni kama paskali 101,000. Kigali iko mita zipatazo 1,560 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sehemu ya mnara tumeiacha chini yetu, na kanieneo yetu ni kama paskali 84,000 tu.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa inayoyabana kwa juu. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke hushinda mapema. Hivyo basi maji ya Dar es Salaam huchemka yakifika nyuzi 100 za sentigredi, ya Kigali yakifika takribani nyuzi 95, na mtu akipanda kileleni Karisimbi, mita 4,507, yatachemka yakifika kama nyuzi 85. Kwa kukisia, kila mita 300 za kupanda huondoa nyuzi moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maji yakishachemka hayazidi kupata joto. Uchochee moto upendavyo, uongeze kuni hadi jiko ligeuke tanuri, maji ya Kigali yatabaki kwenye nyuzi 95, na nguvu yote ya ziada itapotea kwa mvuke. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota kwa kishindo. Yanachojua ni joto. Kwa hiyo shangazi alisema kweli kwamba huku hukawia kuiva, ila alisingizia maharage.

Wako wapishi wanaoweka jiwe juu ya kifuniko wakiamini kwamba wanaibana hewa. Tulikaa na mtoto tukapiga hesabu. Sufuria yenye upana wa sentimita 30 ina mdomo wa eneo la karibu mita 0.07 za mraba. Jiwe la kilo 2 juu yake huongeza kanieneo ya kama paskali 280. Pengo letu na pwani ni paskali 17,000. Kwa maneno mengine, mpishi wa Kigali anayetaka kuipata pwani kwa njia hiyo angehitaji mawe sitini ya namna hiyo, kilo 120, tena kifuniko kisichovujisha hata tone la mvuke. Kifuniko kina faida, maana huzuia joto lisipotee na hupunguza kuni, lakini hakiwezi kuzipandisha nyuzi. Chombo kiwezacho ni sufuria ya kufungwa kwa komeo na mpira, yenye vali ya kupunguzia mvuke.

Jambo hili si la mama wa nyumbani peke yake. Mpishi wa kikosi anayewapikia askari mia mbili, akihamishwa kutoka bonde la Bugarama kwenda Musanze, hapana budi abadili hesabu ya saa na ya kuni. Akishindwa, watu watakula chakula kibichi au watachelewa zamu.

Anayetaka kuiona hewa ikifanya kazi kwa macho yake, akinywa maji njiani katika msitu wa Nyungwe, barabara inapokuwa juu kabisa, na aifunge barabara chupa tupu ya plastiki kisha ashuke nayo hadi Bugarama. Atakapofika ataikuta imebonyea kana kwamba mkono wa mtu umeikamua. Hakuna aliyeigusa ila hewa.

BREKI NA MITEREMKO

Somo la pili linawahusu hasa polisi wa usalama barabarani, na pia dereva yeyote wa serikali anayedhani kwamba king'ora hubatilisha kanuni za maumbile.

Mtoto wa kidato hufundishwa kwamba kitu kinachokwenda kina nishati ya mwendo, na kwamba nishati hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Breki hazina kazi nyingine ila kuiondoa nishati hiyo yote kwa msuguano.

Tuchukue gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa katika lami kavu yenye kushika vizuri. Tangu breki zishike hadi lisimame, litatumia kama mita 9. Likienda kilometa 80 litatumia kama mita 35. Tena hapo hatujahesabu muda wa dereva kuona, kuwaza na kukanyaga. Muda huo tukiukadiria kuwa sekunde moja, gari la kilometa 80 kwa saa huwa limekwisha kusafiri mita 22 kabla breki hazijaguswa. Jumla ni mita 57, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Sasa tuongeze mvua. Lami ya Kigali ikilowa, hasa dakika za kwanza ambapo vumbi na mafuta huchanganyika na maji, msuguano hupungua sana. Gari la kilometa 60 kwa saa, ambalo kwenye lami kavu lingesimama kwa mita 20 za breki, sasa laweza kuhitaji mita 35. Tuongeze na mteremko, maana hapa kwetu ni nchi ya vilima elfu: katika mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, uzito wa gari lenyewe huzivuta breki kinyume, na mita 35 hugeuka kuwa 46. Dereva ni yule yule, gari ni lile lile, mwendo ni ule ule. Lakini mtoto aliyetoka shule akavuka barabara mita 40 mbele, katika hali ya kwanza yu hai, na katika hali ya mwisho hayupo.

Mwaka 2015 Rwanda iliamuru magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, ambayo maana yake ni kufika kwa amani. Yako malalamiko ya madereva tunayoyasikia katika vituo vya mabasi, kwamba kilometa 60 ni mwendo wa konokono. Askari anayesimama kando ya barabara na kipima mwendo mkononi atafanya kazi yake vizuri zaidi akiweza kumjibu dereva kwa hesabu. Akimwambia tu kwamba sheria ni sheria, dereva ataondoka na hasira; akimpigia hesabu ya mita 35 na 46, huenda akaondoka na jambo la kufikiri.

Hali kadhalika kofia ngumu ya abiria wa pikipiki. Kichwa kikigonga lami, hapana budi kisimame. Kikisimama kwa ghafla, kani huwa kubwa. Kikisimama polepole, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde zaidi, kani hupungua. Sponji iliyomo ndani ya kofia hubonyea ili kuurefusha muda huo. Abiria aliyeining'iniza kofia mkononi kwa kuogopa kuharibu nywele amekodi pikipiki bila ya kofia.

KUHESABU BAADA YA RADI

Kila askari aliyekwenda mazoezini anajua kwamba moto wa mzinga huonekana kwanza, na mlio hufika baadaye. Mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutufikia papo hapo. Sauti huenda takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo huchukua kama sekunde 3 kuimaliza kilometa moja. Hesabu hiyo itumikayo kukisia umbali wa mizinga ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwa radi. Ukiona umeme, anza kuhesabu. Ukifika tisa ndipo ngurumo ikasikika, radi ile ilipiga umbali wa kilometa tatu.

Nchi yetu imo katika eneo la Afrika ya Kati ambalo hupigwa na radi kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya ya Nyaruguru kusini mwa nchi, radi ilipiga kanisa watu wakiwa katika ibada, ikaua watu 16 na kujeruhi wengine wengi. Wako waliouliza ni nani aliyeituma. Mtoto wa kidato cha pili anajua kwamba umeme tuli hujikusanya mawinguni, na kwamba hutafuta njia ya kufika ardhini, mara nyingi kwa kupitia kitu kirefu kilicho mahali pa juu. Kilima kitupu, mti ulio peke yake, mlingoti wa redio na mtu aliyesimama wima uwandani, vyote ni ngazi za kushukia.

Kwa askari wa lindo na wa doria, hesabu ni hii. Ikiwa kati ya mwanga na ngurumo hazitimii sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa kumi, na dhoruba imekwisha kukaribia kiasi cha kukupiga. Shuka kilimani. Ondoka chini ya mti. Weka mbali antena ndefu. Ingia ndani ya nyumba imara au ndani ya gari lenye bati juu na vioo vimefungwa, maana bati hupitisha umeme kando ya walio ndani. Pasipo pa kuingilia, kikosi kitawanyike, kila mtu achuchumae miguu ikiwa pamoja, asilale chini. Watu waliojikusanya chini ya mti mmoja huanguka kwa pamoja.

Jambo moja zaidi, ambalo kutolijua kumegharimu roho za watu: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, mwite, na kama hapumui na moyo umesimama, anza mara moja kumbinya kifua. Wapo ambao wangepona kama wenzao wasingeogopa kuwashika.

JIKO NDANI YA HEMA

Kurasa za kemia zina somo linaloonekana dogo. Makaa yakiungua penye hewa ya kutosha, kaboni hujiunga na oksijeni kikamilifu, ikatoa kaboni dioksaidi. Yakiungua penye hewa haba, muungano haukamiliki, nayo hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni, na kuing'ang'ania.

Usiku wa Musanze na wa Burera una baridi. Jiko la makaa lisilotoa moshi huonekana ni salama, na kishawishi cha kuliingiza ndani ya hema au ya kibanda cha lindo ni kikubwa. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu. Hulala. Asubuhi huamshwa asiamke. Moshi humfukuza mtu atoke nje. Gesi hii humbembeleza alale. Ukiona mwenzako katika hali hiyo, kwanza mtoe nje penye hewa safi, kisha ndipo uite msaada. Jenereta nayo ni vivyo hivyo: mahali pake ni nje, mbali na dirisha.

ZIWA LILILOBEBA GESI

Magharibi mwa nchi liko Ziwa Kivu, ambalo ni maabara kubwa kuliko zote tulizo nazo. Kina chake hupita mita 450. Katika maji ya chini zimeyeyuka kilometa za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksaidi na kama 60 za methani. Zinakaa humo kwa sababu ile ile inayoifanya soda isitoe mapovu kabla ya kufunguliwa: kanieneo. Kila mita 10 za kina huongeza karibu mzigo mzima wa hewa ya usawa wa bahari. Katika mita 300 mzigo huo huwa mara thelathini.

Chupa ya soda hufunguka. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa ghafla kaboni dioksaidi usiku, nayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikatambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Ziwa Kivu ni kubwa zaidi kwa mbali, na watu wanaolizunguka wanahesabiwa kwa mamilioni. Ndiyo maana huchunguzwa na wataalamu. Na ndiyo maana kuivuna methani yake, kukifanywa kwa uangalifu, kuna faida mbili: kutoa umeme na kupunguza mzigo. Karibu na Karongi kituo cha KivuWatt huvuta maji ya kina. Yanapopanda kanieneo hupungua, gesi hutoka yenyewe kama povu, methani hutengwa na kuchomwa, na umeme wa megawati 26 hupatikana. Kituo hicho kilizinduliwa rasmi mwaka 2016. Kanuni iliyomo ni ile ile ya maharage ya shangazi: kanieneo ikipungua, kilichofungwa hutoka.

Askari waliotumikia upande wa Rubavu wanalijua neno mazuku, wanalolitumia watu wa Goma na jirani zake. Ni mashimo na mabonde madogo ambamo kaboni dioksaidi itokayo ardhini hujikusanya, hasa usiku pasipo na upepo. Mbuzi huingia asitoke. Mtu akisimama huenda asihisi lolote, akiinama au akilala hukosa pumzi. Yeyote anayechagua mahali pa kulala au pa kuchimba handaki katika nchi ile ya volkano, na akumbuke kwamba ukurasa wa daftari unaosema gesi hii ni nzito kuliko hewa haukuandikwa kwa ajili ya mtihani tu.

LUGHA NNE, SAYANSI MOJA

Tunajua udhuru wa wazazi wengi, maana ulikuwa udhuru wetu pia. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa; wengine walisoma ukimbizini, Uganda, Burundi, Kongo au Tanzania, kila mmoja kwa lugha ya huko. Baba akilifungua daftari la mwanawe hukutana na maneno asiyoyajua, akalifunga haraka kabla hajaonekana.

Lakini maji hayachemki kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kina neno kanieneo, kina msuguano, kina nishati na sumakuumeme. Kinyarwanda nacho kina maneno ya mkulima na ya mhunzi, ambaye mababu zetu walimjua kwa kuyeyusha chuma miaka mingi kabla ya shule hizi. Mtoto akieleza somo lake kwa lugha ya nyumbani, hulielewa mara mbili. Na mzazi akisikiliza kwa unyenyekevu, hujifunza mara moja alichokikosa.

Aidha, sisi wa majeshi tunao mfano wa karibu. Hapa Kigali, majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi yaligeuzwa mwaka 1997 kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, ambayo tangu mwaka 2013 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Vyumba vilivyofunza maofisa vikafunza wahandisi. Ikiwa nyumba yaweza kubadili somo, sembuse mtu.

Siku chache baada ya jioni ile, tuliazima kipimajoto. Tulibandika sufuria ya maji, tukamwita mtoto, tukasimama wote wawili tukiinamia mvuke kama wauguzi. Zebaki ikapanda: 80, 90, 93. Maji yakaanza kutokota kwa nguvu. Ikafika 95, ikasimama. Tukachochea moto. Ikabaki pale pale.

"Ulikuwa umesema kweli," tulimwambia, "na sisi tulikosea kukunyamazisha."

Hakusema neno. Aliandika 95 katika daftari lake, akaweka tarehe na mahali, kama alivyofundishwa. Kisha akauliza swali jingine, ambalo jibu lake hatulijui, na ambalo safari hii tumeahidiana kulitafuta pamoja.

Ndugu askari, ndugu polisi, ukirudi nyumbani jioni hii, vua kofia, omba daftari la mwanao, na umwombe akueleze ukurasa mmoja.